Umeme ukikatika au intaneti ikigoma, taa za kuwasha kwa sauti zitakutii vipi?

Balbu na swichi zinazowashwa kwa sauti zimeanza kuingia kwenye nyumba za pembezoni mwa Dar es Salaam. Utazikuta Bunju, Tegeta na Mabwepande upande wa Kinondoni, na Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Mwenye nyumba anatamka neno, taa ya sebuleni inawaka. Wengine wakienda likizo mkoani huwafungia wazazi wao, ndiyo maana habari ya taa hizi inamhusu hata msikilizaji wetu aliye kijijini.

Tatizo linajitokeza siku umeme unapokatika au intaneti inapopotea. Unaita, taa haiitiki. Kwa kijana mwenye nguvu zake hiyo ni kero ndogo tu. Lakini mama aliyepata kiharusi hawezi kufika ukutani. Anayetumia kiti cha magurudumu huenda asiifikie swichi iliyofungwa juu. Mzee anayeamka usiku kwenda chooni anaweza kujikwaa na kuvunjika nyonga. Kwa watu hao taa ya sauti ni msaada wa kila siku, na ikikosa kusikia wanaumia.

Jibu letu kwa kifupi ni hili: sauti iwe njia mojawapo ya kuwasha taa, isiwe njia pekee. Ukishalipanga hilo, betri ndogo na maandalizi machache vitakuvusha usiku mwingi wa giza. Tueleze hatua kwa hatua.

Neno lako linasafiri hadi wapi?

Wengi wanadhani spika inasikia, kisha inaiambia balbu. Kwa spika nyingi za aina hii, kama zile za Amazon zinazotumia Alexa, safari ni ndefu zaidi.

Spika yenyewe inatambua jina lake tu, yaani neno la kuiamsha. Maneno yanayofuata hurekodiwa na kutumwa kupitia ruta yako kwenda kwenye kompyuta kubwa za kampuni, zinazoitwa seva, ambazo mara nyingi ziko nje ya nchi. Huko sauti inageuzwa kuwa maandishi na amri inaeleweka. Kisha amri hupelekwa kwenye seva za kampuni iliyotengeneza balbu, nazo huirudisha mpaka kwenye ruta ya nyumbani kwako, na hatimaye kwenye balbu iliyo juu ya kichwa chako. Yote haya hufanyika kwa muda mfupi sana, ndiyo maana hatuioni safari yenyewe.

Kwa hiyo vitu vinne lazima viwe hai kwa wakati mmoja: umeme, waifai ya ndani, intaneti ya nje na seva za kampuni. Kimoja kikilala, sauti yako haifiki.

Kukatika kumeshatokea, na kutatokea tena

Hivi vyote vinne tumeviona vikikatika.

Aprili 1, 2024 hitilafu kwenye gridi ya taifa iliiacha nchi gizani. Ni kweli kwamba bwawa la kufua umeme la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeongeza sana umeme nchini. Lakini umeme mwingi kwenye gridi hauzuii nguzo kuanguka mtaani wakati wa mvua, wala transfoma ya mtaa kuzidiwa. Na kuna lile giza la kujitakia: yuniti za LUKU zinaisha saa saba usiku.

Mei 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Umeme ulikuwepo, ruta ziliwaka, lakini intaneti ilikuwa ya kusuasua au haikuwepo kabisa.

Oktoba 20, 2025 ilikuwa zamu ya seva. Hitilafu kwenye vituo vya kompyuta vya Amazon katika jimbo la Virginia, Marekani, ilivuruga huduma nyingi duniani, Alexa ikiwemo. Siku hiyo ungeweza kuwa na umeme na bando la kutosha pale Mbagala, na bado spika isikutii.

Siku chache baadaye, Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania nzima na haikurejea mpaka mwanzoni mwa Novemba. Aliyekuwa anategemea intaneti kuwasha taa ya chumbani alikaa siku kadhaa bila njia hiyo.

Matukio haya yanatufundisha kwamba betri peke yake haitoshi. Betri inatatua tatizo la umeme. Kukatika kwa intaneti kunahitaji dawa yake.

Kwanza kabisa: swichi ya mkono

Kuna njia mbili za kuifanya taa isikie sauti. Ya kwanza ni kununua balbu yenye waifai ndani yake. Ya pili ni kubadilisha swichi ya ukutani na kufunga ile yenye waifai, huku balbu ikibaki ya kawaida.

Balbu ni rahisi kufunga, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa. Swichi ya ukutani lazima ibaki imewashwa saa zote. Mgeni au mtoto akiizima, balbu inakosa umeme na haiwezi kusikia chochote. Kaya nyingi huanza kulaumu intaneti kumbe mtu amepita akazima ukutani.

Swichi yenye waifai inakubali njia zote mbili. Intaneti ikiwepo unatamka. Isipokuwepo, unabonyeza kwa kidole kama ulivyozoea. Kwa nyumba yenye watu wengi tunaona hii ndiyo njia bora.

Kabla hujanunua, mwite fundi afungue kisanduku cha swichi aangalie nyaya. Swichi nyingi za aina hii zinahitaji waya wa nyutro, na kwenye nyumba nyingi waya huo umeishia darini, haukushuka mpaka kwenye swichi. Zipo swichi zisizohitaji nyutro, ila lazima uziulizie kwa jina hilo dukani. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA. Usijaribu mwenyewe kwa kutazama video.

Kwa asiyeweza kufika ukutani, tafuta swichi ndogo ya kubandika au rimoti inayokaa pembeni ya kitanda. Muhimu ni kwamba rimoti hiyo iongee na taa moja kwa moja, au kupitia kisanduku kilichomo ndani ya nyumba, bila kupitia intaneti. Muulize muuzaji swali hili: "Nikizima data na kuchomoa intaneti, rimoti hii bado itawasha taa?" Kisha mwombe akuonyeshe palepale.

Ruta na betri yake: hesabu isikuchanganye

Umeme ukikatika, mara nyingi intaneti yenyewe bado ipo. Kilichozimika ni ruta yako. Kwa hiyo kifaa cha kwanza kuwekewa betri ni ruta.

Ruta nyingi za nyumbani hutumia chaja ya volti 12, na matumizi yake ni kama wati 8. Dukani utaonyeshwa UPS ndogo ya ruta iliyoandikwa 8,800 au 10,000, na pembeni betri ya kawaida ya volti 12 iliyoandikwa 7 tu. Wengi wanaona 10,000 ni kubwa kuliko 7 na kufunga mjadala. Hapo ndipo hesabu inapopotea.

Ile 10,000 ni miliampea kwa saa, na seli zake ni za volti 3.7. Ukizidisha ampea 10 kwa volti 3.7 unapata wati 37 kwa saa moja. Ile 7 ni ampea kwa saa kwenye volti 12, na 7 mara 12 ni 84. Betri iliyoandikwa namba ndogo ndiyo yenye umeme mwingi zaidi ya mara mbili.

Sasa gawa kwa matumizi ya ruta. UPS ndogo ya 8,800 ina wati kama 32 kwa saa. Ukitoa kinachopotea njiani unabaki na 26 hivi, sawa na saa tatu za ruta. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea 7 usiimalize yote, maana itakufa mapema. Tumia nusu yake, yaani 42, nayo itakupa saa tano. Ukipata betri ya lithiamu, unaweza kutumia sehemu kubwa ya umeme wake bila kuiumiza, na hudumu miaka mingi zaidi, ingawa bei yake iko juu.

Angalia pia volti. Ruta ya volti 12 haitafanya kazi kwenye tundu la volti 5, na ruta ya volti 9 inaweza kuungua kwenye tundu la volti 12. Namba imeandikwa nyuma ya ruta au kwenye chaja yake.

Ruta imepona, taa je?

Ruta ikiwa hai na balbu haina umeme, bado uko gizani. Una njia mbili.

Njia ya gharama nafuu ni kuchagua sehemu mbili au tatu muhimu, kwa mfano korido, chooni na chumba cha mgonjwa, ukaweka hapo balbu zenye betri ndani, zile zinazojichaji umeme ukiwepo na kuendelea kuwaka ukikatika. Nyingi hazisikii sauti. Hilo lisikusumbue, maana kazi yake ni kumzuia mtu asianguke.

Njia ya pili ni inveta na betri kubwa. Tufanye hesabu ya nyumba ndogo ya Chamazi: balbu nne za wati 9 ni wati 36, ruta wati 8, spika wati 3. Jumla ni wati 47. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea 100 ina wati 1,200 kwa saa. Tumia nusu, yaani 600, na utoe sehemu inayoliwa na inveta yenyewe. Unabaki na kama 500, ambazo ni zaidi ya saa kumi za taa, tangu magharibi mpaka alfajiri. Ukiunganisha friji au pasi kwenye mfumo huo, hesabu yote inavurugika.

Tahadhari moja haina mjadala. Inveta au jenereta isiunganishwe na nyaya za nyumba bila swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi wanaiita chenji ova. Bila hiyo, umeme wako unaweza kutoka nje mpaka kwenye nguzo na kumuua fundi wa TANESCO anayerekebisha laini akijua haina moto.

Intaneti ikipotea, umeme ukiwepo

Kwanza jua tatizo liko wapi. Fungua intaneti kwenye simu ukitumia waifai ya nyumbani. Ikifunguka, basi tatizo ni la seva za kampuni au spika yenyewe. Isipofunguka, zima waifai na utumie bando la simu. Likifunguka, mtandao wa ruta yako ndio umekatika. Likigoma nalo, tatizo ni la eneo zima au la nchi.

Kama bando la simu linafanya kazi, kuna mbinu ambayo wengi hawaijui. Ingia kwenye mipangilio ya hotspoti ya simu, ipe jina lilelile la waifai ya nyumbani na neno la siri lilelile, herufi kwa herufi. Zima ruta, washa hotspoti. Balbu na spika zitadhani ruta imerudi na kujiunga zenyewe. Balbu nyingi zinakubali waifai ya 2.4 tu, kwa hiyo chagua hiyo kama simu yako inakupa uchaguzi. Kumbuka kuzima hotspoti kabla ya kuwasha tena ruta.

Kama intaneti imepotea kila mahali, unahitaji vifaa vinavyofanya maamuzi ndani ya nyumba. Zipo familia kadhaa za vifaa hivyo.

Taa za Zigbee, kama Philips Hue, zina kisanduku chao cha nyumbani. Intaneti ikikatika, rimoti zake na programu yake ya simu bado zinafanya kazi ukiwa ndani ya waifai yako.

Vifaa vyenye nembo ya Matter vinafuata utaratibu uliotolewa Oktoba 2022, unaoviwezesha vifaa vya kampuni tofauti kuongea ndani ya nyumba bila kuzunguka nje ya nchi.

Home Assistant ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2013 na Paulus Schoutsen. Unaiweka kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, na inaweza kutambua hata amri za sauti ndani ya nyumba. Inataka mtu mwenye uvumilivu na kompyuta, lakini ndiyo inayokaribia zaidi taa ya sauti isiyohitaji mtu wa nje. Kama una kijana anayesoma mambo ya kompyuta, mpe kazi hiyo.

Pia kuna swichi za bei ndogo zenye kisikio ndani, zinazojua amri chache walizopangiwa kiwandani. Hazihitaji intaneti hata kidogo. Ila amri zenyewe huwa za Kiingereza au Kichina, kwa hiyo zijaribu dukani kwa sauti ya atakayezitumia. Bibi asiyejua Kiingereza anaweza kufundishwa maneno mawili, lakini lazima swichi iielewe lafudhi yake.

Taa ya nje usiiachie intaneti

Wengine wameipangia taa ya ulinzi muda wa kuwaka kupitia programu ya simu. Baadhi ya ratiba hizo hukaa kwenye seva, siyo ndani ya balbu. Intaneti ikipotea, saa kumi na mbili na nusu inapita na uwanja uko gizani. Kwa taa ya nje, sensa ya mwanga inayowasha giza likiingia na kuzima kukicha ni bora zaidi. Haina neno la siri wala bando. Taa ya sola ya uwanjani inafanya kazi kwa mtindo huohuo.

Umeme unaporudi

Kurudi kwa umeme nako kuna mambo yake. Balbu nyingi za sauti huwaka zote kwa nguvu umeme unaporudi, hata kama ni saa nane usiku na watoto wamelala. Kwenye programu ya balbu tafuta mpangilio wa hali baada ya umeme kurudi, uchague ibaki kama ilivyokuwa.

Jambo lingine ni umeme unaokatika na kurudi mara tatu au nne ndani ya dakika. Balbu nyingi za waifai hufutwa kumbukumbu kwa kuzimwa na kuwashwa mara kadhaa mfululizo, hiyo ndiyo njia yake ya kuanza upya. Umeme ukichezacheza, balbu inaweza kudhani wewe ndiye umeamua. Ukiikuta inapepesa na haisikii, haijaharibika. Inahitaji kuunganishwa upya. Andika neno la siri la waifai mahali ambapo na wengine nyumbani wanaweza kulipata.

Kwa LUKU, weka akiba ya yuniti kabla hazijafika mwisho. Akiba haiozi.

Kwa walio kijijini kwenye sola

Ukiletewa balbu za waifai na mwanao kutoka mjini, zishukuru, kisha fanya hesabu hii. Balbu ya waifai hata ikiwa imezimwa inatumia umeme kidogo, kama nusu wati, ili iendelee kusikiliza. Balbu kumi ni wati 5, mchana na usiku, sawa na 120 kwa siku. Paneli ya wati 50 ikipata jua zuri la saa tano inatoa 250. Karibu nusu ya jua lako litaishia kwenye balbu zinazosubiri kuitwa. Weka moja au mbili kwa mwenye uhitaji, nyingine ziwe balbu za kawaida.

Wazanzibari wanalijua hili vizuri. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika na kukaa takriban miezi mitatu. Giza likiwa la muda mrefu namna hiyo, betri isiyo na jua wala jenereta ya kuichaji haifiki mbali.

Zoezi la dakika kumi

Usisubiri giza likupime. Leo kabla jua halijazama, fanya hivi.

Kwanza, katisha intaneti ya ruta bila kuizima. Kama ni ya waya, chomoa waya unaoleta intaneti. Kama ni ya laini, toa laini. Tamka amri zako, kisha jaribu rimoti na programu ya simu, uone kipi kimebaki hai.

Pili, rudisha intaneti, kisha zima swichi kuu ya umeme. Angalia kama ruta imebaki hai kwa betri, na taa zipi zimewaka.

Tatu, mwombe yule anayezitegemea taa zaidi ya wote, mgonjwa au mzee, atoke kitandani mpaka chooni au awashe taa ya chumba chake katika hali hiyo, wewe ukiwa pembeni yake. Akishindwa, umejua pa kuanzia: balbu ya betri koridoni, au rimoti pembeni ya kitanda, kabla ya kununua spika nyingine.

Kama una swali kuhusu taa zako, tutumie ujumbe mfupi, nasi tutalijibu kwenye kipindi.